Pua Kwenye Goti

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni mikono tu iliyochubuka kwa sabuni za hospitali. Uliniuliza kazi inakwendaje. Basi jua kwamba sikunji mashuka tena. Mwezi uliopita mashine kubwa ya kufulia ilikwama, fundi mkuu akawa anaizunguka na kuitukana. Nikaweka kiganja ubavuni mwa mashine kama unavyofanya wewe, nikamwambia mkanda umelegea upande wa nyuma. Akafungua, akakuta ni kweli. Sasa wameniingiza kwenye mafunzo ya ufundi, mpaka Desemba, na mwisho wake kuna cheti. Wenzangu wa chumba cha kukunjia wananiita Mama Spana. Asante baba. Kiganja hicho ni chako.

Kuna jambo moja la aibu kidogo. Yule mshonaji wa sare za shule, jirani yetu wa mtaa wa nyuma, alipita huku kumwona dada yake wodini. Akanieleza, kwa kuzungukazunguka, kwamba siku hizi Kengele ananuka. Wateja wakileta vyerehani vyao kwako wanaziba pua. Wewe pua yako imezoea mafuta ya mashine, huwezi kujua. Tafadhali mwogeshe kila wiki, kwa maji mengi, kuanzia kichwa mpaka mkia, wala usimwonee huruma. Nakutumia sabuni mbili nzuri. Mbwa huyo ndiye masikio yako, baba. Nisingekuachia yeye nisingeweza kuondoka. Asije akakufukuzia wateja.

Mkune kwa niaba yangu, pale pale anapopapenda, nyuma ya sikio.

Binti yako

*

22 Machi

Mwanangu Mama Spana,

Marahaba. Barua yako niliisoma pale pale posta, nikiwa nimesimama, mpaka karani akanionyesha kwa mkono kwamba nazuia foleni. Nimekaa nayo mfukoni wiki mbili. Miaka kumi na tisa ya kelele za kiwanda cha magunia ilichukua masikio yangu, lakini mikono haikuiweza, na sasa naona mikono yenyewe imepata mrithi. Nimefurahi mpaka nikamwambia mbwa.

Sabuni imefika. Asante sana. Kila Jumamosi namfunga Kengele kwenye nguzo ya kamba ya nguo, nafungulia mpira wa maji, naanza kichwani kama ulivyoagiza. Anajikunyata, ananitazama kama shahidi aliyesingiziwa. Tukimaliza tumeloa wote wawili, na anatikisa kichwa kutwa nzima. Nadhani ni hasira. Ni mbwa mwenye majivuno.

Simu uliyoninunulia ipo droo ya juu. Usinilaumu. Herufi zake ni kama punje za mchanga, na mimi macho nayaweka akiba kwa ajili ya sindano. Ningeiweka droo ya chini lakini ile imejaa. Karatasi inatosha. Karatasi naweza kuisoma mara nne.

Kazi si mbaya, imepoa kidogo tu. Wiki hii vyerehani viwili. Wiki iliyopita vitatu. Itachangamka shule zikifunguliwa.

Baba yako

*

14 Aprili

Baba,

Nimefaulu mtihani wa kwanza. Nimewapita wanaume wawili, na mmoja wao hanisalimii mpaka leo.

Shule zimefunguliwa sasa. Je, kazi imechangamka? Niambie ukweli, usinipambie. Na Kengele bado ananuka? Kama bado, ongeza kuoga.

Binti yako

*

9 Mei

Mwanangu,

Uliniomba ukweli, na nimeuzungukazunguka wiki nzima. Haya, keti.

Wateja wameisha. Wiki ya tatu hii hakuna aliyekuja, hata wa kuazima bisibisi. Asubuhi nafungua karakana, nageukia dirishani kwenye mwanga, mgongo kwenye mlango kama kawaida yangu, nangoja pua ya Kengele inigonge gotini. Unakumbuka tulivyomfundisha, mtu akigonga geti yeye anakuja kunigusa goti, mimi nafuata. Sasa goti linakaa kavu mpaka jioni. Sokoni watu wananijibu salamu kwa nusu ya mdomo. Nadhani wanaona aibu kwamba wameniacha. Sasa hivi nguo zinauzwa zimeshashonwa, nani ahangaike na cherehani cha bibi yake?

Na huyu mbwa amebadilika. Analala kivulini kutwa, kichwa kimeinama upande mmoja. Nikimwita kwa mkono anakuja kivivu. Juzi nilimkuna pale nyuma ya sikio, kwa niaba yako, akanigeukia na meno. Mimi! Nilimgombeza mpaka nikahisi koo linauma. Harufu haijaisha, imezidi mpaka hata mimi naisikia, ingawa sasa namwogesha mara mbili kwa wiki.

Nimeamua hivi. Mwisho wa mwezi nafunga karakana. Mlinzi wa kiwanda cha matofali anatafuta mbwa, nimemwambia aje Jumamosi tarehe 31 amchukue. Bila wateja mbwa wa mlangoni hana kazi, na mimi sipendi kutazamana na kiumbe aliyechoka nami. Vifaa vyangu nitakuwekea wewe.

Usiache mafunzo. Nasema tena, usiache mafunzo. Nimeshukuru kwa miaka niliyofanya kazi, na mtu anayeshukuru hafi njaa.

Baba yako

*

16 Mei

Kwa Daktari wa Mifugo,

Samahani kwa kukuandikia bila kujuana. Nimepiga simu ya ofisi yako mara nne, inaita tu. Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, safari ya kutwa nzima ya basi kutoka hapo kwenu, na ruhusa sipati mpaka Desemba.

Baba yangu ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Hasikii. Ana mbwa wa miaka minne, wa kahawia, masikio ya kulala. Naomba umwangalie mbwa huyo kabla ya tarehe 31, maana siku hiyo anagawiwa. Baba anasema mbwa amekuwa mvivu na mkali. Daktari, mbwa huyo nimemlea kwa chupa, hana uvivu wala ukali. Kichwa anakiinamisha upande, anakitikisa, akiguswa sikio anatoa meno, na ananuka hata akiogeshwa. Mimi si mtaalamu, lakini mashine ikitoa harufu na kutetemeka, kwetu hatuiiti mvivu.

Nyumba ipo nyuma ya duka la vioo, geti la bati la kijani. Gonga kwa nguvu.

Nakuomba kama mtoto anavyoomba.

Binti wa fundi vyerehani

*

27 Mei

Dada,

Simu ya ofisi iliingiwa na mende. Nimeipokea barua yako jana asubuhi na jana hiyo hiyo nikaenda. Kaa mahali pazuri, nina mengi.

Niligonga. Nikagonga tena. Nikiwa bado nagonga akaja mama mmoja na cherehani kichwani, akasimama pembeni yangu, akasonya. "Usijisumbue, mwanangu," akaniambia. "Huyu fundi siku hizi kaota mapembe. Binti yake kapata kazi kubwa hospitali, basi hataki tena vyerehani vyetu. Hii ni mara yangu ya tano. Na mbwa wake kamfundisha kutupuuza, chungulia mwenyewe hapo kwenye tundu."

Nikachungulia. Mbwa alikuwa amelala kivulini, hatua kumi kutoka getini. Nikaokota jiwe nikalipiga bati lile mpaka muuza vioo akatoka nje kunitazama. Mbwa hakuchezesha hata sikio. Hapo nikaelewa. Dada, wateja hawajaisha. Wamekuwa wakija siku zote. Mbwa wenu hasikii.

Nilizunguka uchochoroni mpaka kwenye dirisha la karakana, nikamzibia mzee mwanga. Akainua kichwa kwa hasira, akaniona, akacheka, akaja kufungua. Nikachukua ule ubao wenu mdogo wa kumwandikia nikaandika: MBWA WAKO HASIKII. Akausoma. Akaufuta kwa mkono wa shati, akanirudishia chaki, akasema, "Andika tena." Nikaandika yale yale. Akaketi chini sakafuni karibu na mbwa, akasema, "Msimamizi wangu kiwandani alinigombeza miezi sita akidhani nina kiburi. Na mimi nimekuwa nikimgombeza kiziwi mwenzangu."

Mama mwenye cherehani alikuwa ameingia nyuma yangu. Alilia kuliko sisi wote, na bado hakukitua kile cherehani.

Sasa ugonjwa wenyewe, maana najua unaungoja. Masikio yote mawili yana uambukizo, bakteria na fangasi pamoja, njia imevimba na kuziba kwa nta na usaha. Kushoto nilitoa kupe wawili waliovimba. Ni ugonjwa wa kawaida sana, hasa kwa mbwa wenye masikio ya kulala, kwa sababu hewa haiingii. Kilichouchochea ni maji. Yakiingia sikioni yasipokaushwa, ndani panakuwa joto na unyevu, wadudu wanapata makazi. Harufu ilikuwa ya masikio, si ya manyoya. Baba yako aliisikia harufu, akaongeza kuoga, kuoga kukaongeza ugonjwa, ugonjwa ukaongeza harufu. Nilimuuliza nani alimshauri kuogesha mbwa kichwa kizima mara mbili kwa wiki. Akanijibu haraka kwamba ni wazo lake mwenyewe, alilitoa kichwani mwake. Basi nikamsema kidogo, akapokea kwa unyenyekevu.

Nilimpa mbwa dawa ya usingizi, nikasafisha, nikatazama ngoma za masikio. Ya kushoto nzima. Ya kulia imetoboka, kwa hiyo nimechagua dawa isiyodhuru tundu hilo, vidonge na matone, na baba yako anatakiwa kufuata kama nilivyoandika. Wiki nne. Asichokonoe kwa kijiti, asimimine mafuta ya kupikia, maana alishaanza kuniuliza. Kuoga mara moja kwa mwezi kunatosha, pamba kwenye masikio, na kichwa afutwe kwa kitambaa tu. Kupe wakaguliwe kila jioni, masikioni, kwapani na katikati ya vidole, kwa sababu kupe wana homa zao mbaya kuliko hili. Chanjo ya kichaa ilikuwa imepitwa na miezi saba, nimemchoma. Dawa ya minyoo amepewa ndani ya kipande cha nyama, akala nyama akatema kidonge, tukarudia.

Kama atasikia tena? La kushoto nina matumaini nalo. La kulia sijui, na sitakudanganya.

Mlinzi wa matofali nimepita kumwambia asije. Alisikitika, alikuwa ameshanunua mnyororo.

Daktari wa Mifugo

Baada ya hayo: cherehani cha marehemu mama yangu kilichokuwa kimekwama miaka sita, sasa kinashona. Baba yako alikigusa tu. Sijui nani amshukuru nani.

*

4 Juni

Baba yangu,

Daktari ameniandikia kila kitu. Na ameniandikia pia kwamba umemwambia kuogesha ni wazo lako.

Baba, barua yangu ya tarehe 3 Machi unayo. Najua unayo, hujawahi kutupa karatasi yangu. Ni mimi niliyesema kila wiki. Ni mimi niliyesema kichwa mpaka mkia, usimwonee huruma. Nilikaa huku kwenye joto la mashine nikatoa amri kuhusu mbwa nisiyemwona na baba nisiyemwona. Nimekuharibia masikio yako, na ukakubali kusemwa na daktari kwa kosa langu. Nimelia chooni kazini mpaka wenzangu wakagonga mlango.

Na si hilo tu. Acha nilitoe lote. Siku niliyokuletea Kengele nilijiambia namleta kwa ajili yako. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimechoka kuwa masikio. Tangu nina miaka tisa nilikuwa nafungua geti, nasema fulani kaja, anataka hiki. Nilitaka kuondoka na sikujua jinsi ya kukuambia, basi nikatafuta mbwa wa kuketi kwenye nafasi yangu. Na sasa mbwa mwenyewe nimemziba.

Nimezungumza na fundi mkuu. Nitarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mafunzo yatakuja siku nyingine, yasipokuja basi. Nisamehe baba.

Binti yako

*

2 Julai

Mama,

Usirudi. Nimeanza na hilo ili hata ukiishia hapo tuwe tumeelewana.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka kukuandikia nikiwa na habari kamili. Matone asubuhi na jioni, sikukosa hata mara moja. Yeye anaweka kidevu kwenye paja langu, mimi namimina, nasugua chini ya sikio taratibu, yeye anaguna, nalihisi guno lake mkononi. Jioni tunatafuta kupe. Mwishoni mwa wiki ya kwanza nilimkuna nyuma ya sikio, hakutoa meno. Wiki ya pili harufu iliisha. Mshonaji wa sare alikuja, akainama akamnusa kichwa hadharani, mbele ya watu, kisha akaniomba radhi kwa maandishi, ubao mzima, pande zote mbili. Wateja wamerudi wote, na maneno yao. Nina vyerehani kumi na kimoja sakafuni, napita kwa kurukaruka.

Utauliza nimewajuaje wateja hao kama mbwa alikuwa bado kwenye dawa. Daktari naye aliniuliza. Alikuja kwa ukaguzi, akaona kamba nyembamba imetoka kwenye geti, imepita ukutani kwenye vijipete, imeingia dirishani na kuning'iniza gurudumu la uzi juu ya meza yangu. Mtu akilitikisa geti, gurudumu linacheza mbele ya macho yangu. Akaandika: Mzee, fundi kama wewe, kwa nini hukutengeneza hii miaka yote?

Nikamjibu nitakavyokujibu wewe. Niliitengeneza. Ina miaka minne. Niliimaliza wiki ile ile barua ya kukuita kazini hospitali ilipofika, ile uliyoificha chini ya godoro. Kiziwi anasoma sana, mama, hasa vitu vilivyofichwa. Nilijua unataka kwenda na hujui kusema. Basi nikaitengeneza kamba ili nikuonyeshe na nikuambie, nenda, mimi nipo sawa. Nilikuwa ndiyo nimeipanga mezani ulipoingia na kitu kinachohangaika ndani ya sweta yako. Ukakitua mbele yangu, ukachukua chaki, ukaandika: Huyu atakuwa masikio yako. Nikatazama uso wako, nikaikusanya kamba, nikaitia droo ya chini na kuisukuma kwa goti. Ulikuwa unatafuta ruhusa, na ruhusa yenyewe ilikuwa inakojolea viatu vyangu. Ningewezaje kusema siihitaji?

Sikuitoa Aprili wala Mei kwa sababu sikujua kwamba mlango unagongwa. Nilimwamini mbwa, na yeye, maskini, alikuwa anangoja sauti kama mimi. Tulikaa pale viziwi wawili, kila mmoja anamtegemea mwenzake, na dunia nzima inagonga bati.

Kuhusu sabuni. Ulisema nimwogeshe kwa sababu ulitaka niwe na wateja. Hayo ndiyo niliyoyasoma kwenye barua ya tarehe 3 Machi, na niliisoma mara nne. Mkono uliommwagia maji ulikuwa wangu, kwa hiyo daktari alimsema mtu sahihi. Na kuhusu kuchoka kuwa masikio, mwanangu, mimi nilichoka kukuona umechoka. Miaka mingi ulinisikilizia mlango, na sikuwahi kukushukuru, nilidhani ni kazi ya nyumba kama kufagia. Basi nakushukuru leo. Asante kwa kila mara uliyofungua geti ukiwa na madaftari ya shule mkononi. Asante kwa kwenda. Ungebaki nisingekuwa na Mama Spana wa kujivunia posta.

Sasa habari yenyewe. Jumanne hii nilikuwa naingiza sindano kwenye cherehani cha mtu. Goti likalowa. Nikatazama chini, Kengele ananitazama, mkia unapiga mguu wa meza. Nikainua macho kwenye gurudumu la uzi, limetulia. Nikasema moyoni, amejichanganya. Nikasimama hivyo hivyo kumfuata, na tulipofika uani ndipo geti likaanza kutikisika. Alikuwa daktari. Alikuwa bado hajagonga, mama. Alikuwa ametua mkoba chini anatafuta kitambaa, kisha ndiyo akagonga. Mbwa alisikia viatu.

Daktari alimpima kwa kupiga bati huku na huku. Sikio la kushoto limerudi lote. La kulia kidogo, labda nusu, labda halitaongezeka. Moja na nusu. Mimi na yeye tukijumlishwa tuna sikio moja na nusu, na linatutosha. Nilimshika daktari mikono yote miwili, nikamshukuru mpaka akacheka, maana mimi huwa nasema sana kwa sababu sijisikii.

Kamba nimeirudisha droo ya chini. Imefanya kazi yake, naishukuru nayo.

Maliza mafunzo. Lete cheti Desemba. Najua una ufunguo wako wa geti, lakini siku hiyo usiutumie. Gonga, usubiri kidogo.

Baba yako